UZI MAALUMU: Unataka kuwa mhadhiri wa filamu na televisheni? Swali lako la utafiti liko hapa hapa Tanga

MwanaMakorora (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kila msimu wa udahili ukikaribia napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wa nyumbani. Wengi wamemaliza stashahada kule TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wengine wana shahada ya kwanza ya Dar es Salaam au Dodoma. Wanataka kufundisha chuo kikuu, fani ya filamu na televisheni, na wanauliza waanzie wapi. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa faragha. Leo naandika kwa wote, uzi ubaki, na mwenye swali aulize hapa.

Mimi ni mtoto wa Makorora, Tanga mjini. Nafundisha historia ya filamu na televisheni katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, na nimesimamia tasnifu za kutosha kujua huwa zinakwama wapi. Hazikwami kwenye kamera wala kwenye Kiingereza. Zinakwama kwa sababu mwandishi hana swali lake mwenyewe. Amechukua nadharia ya watu wa Paris au London, akaibandika juu ya filamu tatu alizozipenda, akafunga kazi. Tasnifu ya namna hiyo hupita na cheti hutolewa, lakini mwenyewe akiulizwa miaka miwili baadaye anatafiti nini, hana jibu. Na kazi hii yote inasimama juu ya jibu hilo.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu kazi yenyewe. Anayesomea utayarishaji anajifunza kupiga picha, kuhariri, kuandika mswada, kurekodi sauti. Mtaaluma wa filamu anauliza kwa nini filamu ikawa vile ilivyo: nani aliigharimia, nani aliitazama, ilitazamwa wapi, na soko lake liliibadilisha vipi. Chukua filamu zetu za enzi ya VCD na DVD. Karibu kila moja iliuzwa Part 1 na Part 2. Mnakumbuka zile shoti za gari linakuja taratibu, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anagonga, anangoja? Mtazamaji alichoka, na wakosoaji wakasema waongozaji wetu hawajui kuhariri. Mtafiti anauliza dakika zile zilikuwa na faida kwa nani. Jibu liko dukani: hadithi moja iliyokatwa mara mbili iliuza diski mbili. Hadithi ya saa moja na nusu ikabidi ivutwe ijaze diski zote mbili, na sebule moja ya kuazima ikabeba nusu ya matukio. Ukishaliona hilo huwezi tena kusema tu kwamba uhariri ni mbovu. Unaanza kuona jinsi mkono wa msambazaji ulivyoingia mpaka kwenye urefu wa shoti. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Vyeo sitakaa navyo sana, viko wazi: TA (Tutorial Assistant, ngazi ya kuanzia), Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Matangazo ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida huomba GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili. Uhadhiri kamili unataka uzamivu. Baada ya hapo unapanda kwa machapisho.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Nani kati yenu, watu wa Tanga, aliwahi kuambiwa shuleni kwamba moja ya majaribio makubwa ya mwanzo ya filamu Afrika Mashariki lilikuwa na makao yake Vugiri, hapo juu ya Korogwe, Usambara? Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulianza 1935, ukafungwa 1937. Ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, fedha kubwa ikatoka Carnegie Corporation ya Marekani, na makampuni ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) yakachangia. Waliouendesha ni Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Kwa muda ule mfupi walitengeneza filamu 35 za milimita 16. Mkanda wenyewe ulikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha, kwa hiyo filamu moja iliweza kusemeshwa kwa lugha tofauti kila ilikopelekwa. Zilihusu minyoo ya safura, malaria ya watoto, ngozi za mifugo, kodi, akiba ya posta. Lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini.

Tazameni mkonge ulivyoingia. Notcutt, akiwa bado meneja wa mashamba, alishafikiri kwamba sinema ya shambani ingesaidia vibarua waridhike na kazi. Maana yake sinema ilifikiriwa kama sehemu ya usimamizi wa nguvukazi, na mkoa huu ndio uliojaa mkonge. Mwaka 1937 wawili hao walitoa kitabu, The African and the Cinema, na msimamo wao ulikuwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu ya polepole, yenye jambo moja moja, asije akapotea. Haya. Wakati huo huo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wanalipa viingilio kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani, zenye nyimbo, mapigano na mikato ya haraka, na hakuna aliyewaonea huruma kwamba wanapotea. Walitoka ukumbini wakiimba.

Sasa huoni kwamba hapo pana swali la mtu kujengea maisha yake ya usomi? Watazamaji hao walikuwa wanajua nini ambacho wataalamu wa Vugiri hawakukiona? Msomaji wa Kiswahili aliyezaliwa Tanga, anayeweza kukaa barazani na wazee wa Korogwe, Muheza na Ngamiani bila mkalimani, ana nafasi ambayo mgeni anaitafuta kwa gharama kubwa sana.

Filamu nyingi kati ya zile 35 zimepotea. Chache zilizosalia zimehifadhiwa London, mojawapo ni Tropical Hookworm ya 1936. Majalada ya serikali ya kikoloni mengi yapo Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Magazeti yapo pia, kuanzia Mambo Leo lililoanza 1923. Nauli ya basi unaijua.

Na si Vugiri tu. Tanga mjini palikuwa na Majestic, Novelty, Regal. Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani, alitoa mwaka 2018 kitabu kikubwa, Reel Pleasures, kuhusu kumbi za sinema za miji ya Tanzania na watu waliozijaza, na Tanga imo. Kitabu kizuri sana, nakifundisha. Lakini kitabu kimoja hakimalizi mji.

Mzee mmoja wa Ngamiani aliyekuwa mwendesha mashine za kuonyesha filamu ukumbini (jina lake nalihifadhi) alinieleza kazi ilivyokuwa. Mashine mbili, mkanda mmoja wa filamu unaisha kwenye hii, unaofuata umeshapakiwa kwenye ile. Kona ya juu kulia ya picha kinatokea kidoa, kama mwanga wa kiberiti. Hicho cha kwanza: washa mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye kidoa cha pili: fungua huku, funga kule. Ukichelewa, ukumbi mzima unatazama kitambaa cheupe na mbao za viti zinaanza kugongwa. Filamu ya Kihindi ya saa tatu, kazi hiyo inarudiwa kila baada ya dakika ishirini hivi. Akaniambia kwamba mpaka leo akitazama televisheni kwa mjukuu wake macho yanakwenda kona ile. Katika miaka yake yote kazini, watu wakilia na kucheka chini yake, yeye alikuwa anatazama kona. Nilirudi nyumbani nikaandika usiku kucha, kwa sababu vitabu vyetu vinamzungumzia "mtazamaji" kama kwamba ukumbini yumo wa aina moja tu.

Wazee hawa wanaondoka. Karibuni kwa maswali.

KijanaWaChuda

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mpaka mwisho. Mimi nina stashahada ya filamu ya Bagamoyo, nimefanya kazi ya uhariri kwenye studio za harusi hapa mjini, sasa nataka kurudi shule. Je, stashahada inanipeleka chuo kikuu moja kwa moja? Na je, umri? Wenzangu wa form six wameshamaliza digrii zao.

MwanaMakorora

Marahaba mdogo wangu. Stashahada, yaani NTA ngazi ya 6, inakupeleka shahada ya kwanza kwa njia ya sifa linganishi. Angalia kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka husika: kwa kawaida wanataka GPA ya stashahada isiyopungua 3.0 na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu usiopungua masomo manne. Halafu kila programu ina masharti yake, yasome neno kwa neno kabla ya kulipia fomu.

Umri usikusumbue. Linalotakiwa kukusumbua ni GPA ya shahada ya kwanza, kwa sababu ile 3.8 haisubiri mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza wanafunzi wa filamu wanashinda kwenye mazoezi ya kamera, masomo ya kusoma na kuandika wanayaona ya pembeni, wanapata C. Mwaka wa tatu wanaandika tasnifu nzuri kabisa na wanakuta mlango wa TA umeshafungwa. Nimeona vijana wenye vipaji wakikwama kwa pointi ndogo sana, na inauma. Kila karatasi ya mwaka wa kwanza ichukulie kama ndiyo inayokuajiri.

Na hizo studio za harusi usizidharau. Umehariri sherehe za watu wa Tanga kwa miaka. Unajua bi harusi anaingia kwa wimbo gani, kamera inakaa kwa nani zaidi, nani analalamika asipoonekana kwenye video. Hizo ni data.

FundiKamera

Dada, kwa heshima zote. Mimi niko lokesheni kila wiki. Wahadhiri wa filamu wanakuja kutuhukumu na hawajawahi kubeba taa. Mtu ana uzamivu wa filamu na hajui kuweka mizani ya rangi nyeupe. Anamfundisha nini kijana?

MwanaMakorora

Kaka, malalamiko yako yana msingi na sitayapinga. Anayefundisha uhariri na hajawahi kukaa usiku na mkanda wa mtu mwingine anawanyima wanafunzi haki yao.

Ila nakuomba uangalie waliotangulia. Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni msomi wa sanaa za maonyesho, na ndiye huyo huyo aliyeigiza kwenye Arusi ya Mariamu ya 1985 na Maangamizi ya 2001. Martin Mhando aliiongoza Maangamizi pamoja na Ron Mulvihill, akafundisha Chuo Kikuu cha Murdoch huko Australia, akaongoza tamasha la filamu la ZIFF Zanzibar, akahariri Journal of African Cinemas. Kwetu usomi na utendaji havikuanza vikiwa nyumba mbili. Vilitenganishwa baadaye na mifumo ya ajira na ya kupanda daraja, ambayo huhesabu makala haraka na filamu kwa kusitasita.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana: kabla hujasaini popote, omba uone mwongozo wa upandishaji vyeo wa chuo hicho. Soma kazi ya ubunifu inapimwaje, na nani anaipima. Vyuo havifanani. Mtu anayetaka kuendelea kutengeneza filamu ni lazima ajue hilo mapema.

Na wewe kaka, kumbukumbu zako za lokesheni andika. Nani analipwa lini, chakula kinagawiwaje, mwongozaji anapunguza sini ngapi jenereta likizima. Mtafiti akikufuata akiwa na daftari, mpe kiti.

MkweliMtupu

Tuseme ukweli wakuu. Ajira ziko wapi? Fani hii vyuo vinavyoifundisha unavihesabu kwa vidole. Mnamdanganya kijana akasome miaka kumi halafu arudi kuuza line za simu.

MwanaMakorora

Mkuu, nafasi ni chache na sitamficha mtu. Dar es Salaam wanafundisha, Dodoma wanafundisha maigizo na filamu, vyuo vya habari vinahitaji watu wa televisheni, TaSUBa wanahitaji wakufunzi. Tangazo likitoka Ajira Portal linaweza kuwa la nafasi moja, mbili, na ukakosa.

Ndiyo maana nasisitiza swali lako liwe na miguu zaidi ya mmoja. Anayetafiti kumbi za sinema za pwani anaweza kuingia idara ya historia. Anayetafiti tafsiri za sauti kwenye tamthilia anaweza kuingia idara ya Kiswahili au isimu. Anayetafiti watazamaji anaweza kuingia mawasiliano ya umma. Nimekaa kwenye usaili upande wa wanaouliza, na mtu anayejieleza "mimi ni wa filamu" peke yake huwa na dakika ngumu. Anayesema "natafiti namna watu wa pwani walivyotazama, na haya ndiyo majalada na mahojiano niliyonayo" anaendelea kuulizwa, na kuulizwa zaidi ni dalili njema.

Miaka kumi ni mingi, hilo kweli. Kwa hiyo asiyeipenda kazi ya kusoma majalada na kusikiliza watu asianze.

Mzee wa Raskazone

Nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu, nikamwambia aniandikie. Sisi Jumapili ilikuwa ni siku ya sinema. Unavaa, unakwenda na nyumba nzima, mnakutana na nyumba nyingine, Wahindi, Waarabu, Waswahili, kila mtu na karanga zake. Tiketi ikiisha dirishani unaipata kwa vijana nje kwa bei ya juu. Kihindi hatukukijua lakini nyimbo tulizijua zote, na kesho yake kazini kila mtu anahadithia upya kwa wale waliokosa. Wapo waliohadithia vizuri kuliko filamu yenyewe. Mwisho wa hayo ulikuja kidogo kidogo. Kwanza wenye majengo waliondoka, halafu filamu mpya zikawa haba, halafu ikaja video.

MwanaMakorora

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, na umshukuru mjukuu kwa kukuandikia.

Vijana, someni tena alichosema mzee kwa jicho la utafiti. "Wenye majengo waliondoka": mwaka 1971 ilipita Sheria ya Utwaaji wa Majengo, serikali ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kiasia zikahama. "Filamu zikawa haba": Tanzania Film Company, iliyoundwa 1968, iliingia kwenye uagizaji na usambazaji, na fedha za kigeni zilikuwa za kubana. "Ikaja video": hapo ndipo chimbuko la vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kulipia kutazama video. Mzee amegusa sura tatu za kitabu. Na lile la kuhadithia kesho yake kazini ni sura ya nne, ambayo hakuna jalada litakalokupa. Filamu iliendelea kuishi mdomoni mwa watu ambao hawakuingia ukumbini.

Mzee, kama afya inaruhusu, mjukuu akurekodi kwa simu. Aulize majina ya viti, bei, mlango wa kuingilia wanawake na watoto, nani alikaa juu na nani chini.

MpwaWaPangani

Mwalimu, mimi niko Ujerumani, nafanya uzamivu. Mengi nakubaliana nawe ila kwenye nadharia nataka kukupinga. Umeandika kana kwamba nadharia za watu wa London ni mzigo. Mimi bila nadharia nisingeona kitu nyumbani kwetu.

Mfano: Raymond Williams, mtaaluma wa Uingereza, kitabu chake cha 1974 kuhusu televisheni. Anasimulia usiku mmoja Miami, ametoka kusafiri baharini wiki nzima, anatazama filamu kwenye televisheni, na matangazo na vipande vya filamu nyingine vinaingia katikati mpaka hajui tena anatazama nini. Akafikia kwamba televisheni haitolewi kipindi kimoja kimoja, inatolewa kama mtiririko. Niliposoma hilo nikafikiria sebule ya bibi yangu. Taarifa ya habari saa mbili, tangazo la sabuni, halafu tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Kabla ya hapo adhana ya Isha inalia msikitini, bibi ananyoosha mkono anapunguza sauti, picha inaendelea kimya kimya, adhana ikiisha anarudisha. Mtiririko wa Williams hauna adhana. Wa bibi unayo. Tasnifu yangu imezaliwa kwenye hiyo tofauti, na nisingeiona bila Williams.

Kwa wanaotafuta msimamizi nje: usiandike "I am interested in African cinema". Soma makala mbili za huyo mtu, mwambie kwenye sentensi tatu swali lako ni lipi, vyanzo vyako viko wapi na kwa nini yeye. Mainz kwa mfano kuna Matthias Krings aliyeandika kuhusu Lufufu, yule mtafsiri wa filamu wa vibanda vyetu. Claudia Böhme ameandika kuhusu filamu za Bongo. Kuna ufadhili wa DAAD kwa Ujerumani, kuna Commonwealth kwa wanaokwenda Uingereza. Tarehe za mwisho huwa mbali na muda wa kusafiri, kwa hiyo andaa mwaka mzima kabla.

MwanaMakorora

Mpwa, umesema vizuri kuliko nilivyosema mimi, na mfano wa adhana nitakuomba ruhusa niutumie darasani. Ninachokipinga ni nadharia kutangulia na sebule kufuata. Wewe ulikuwa na sebule tayari, Williams akakupa jina la kuitia. Mpangilio huo ndio ninaouhubiri.

Naongeza hapo hapo: andikeni na kwa Kiswahili. Mulika na Kiswahili, majarida ya TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), yapo. Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni na linapokea makala za Kiswahili. Uchambuzi wa tamthilia ya Kiswahili ulioandikwa kwa Kiswahili unasomwa na waigizaji wenyewe, na wanakujibu. Lakini jihadharini na majarida yanayokutumia barua pepe ya sifa, yanataka dola, na makala inatoka baada ya wiki bila mtu kuisoma. Kamati ya kupandisha vyeo inayatambua, na jina lako linabaki pale milele.

BintiKorogwe

Dada, mimi ni mwalimu wa sekondari, kwetu ni karibu na Vugiri na sikuwahi kusikia habari hii! Bibi yangu alizaliwa miaka ile. Nikitaka kuuliza wazee naanzaje? Naogopa kwenda watu wakadhani natafuta ardhi.

MwanaMakorora

Mdogo wangu, umenifurahisha sana. Hofu yako ni ya kweli, Usambara ukitaja Wazungu wa zamani na majengo yao watu wanafikiria mashamba. Kwa hiyo usianze na Wazungu wala majengo. Anza na picha: "Bibi, mara ya kwanza kuona picha zinazotembea ilikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Walisemaje watu?" Muache aseme mpaka achoke. Vijana wa Vugiri na jirani huenda waliwahi kubeba vifaa, kuigiza, kupika kambini, na simulizi kama hizo hubaki ndani ya familia kama jambo dogo la kuchekesha tu. Usimpe majina wewe. Ukimtajia Notcutt mapema atakujibu ndiyo kwa adabu, na hapo chanzo kimeharibika.

Ukifika hatua ya utafiti rasmi chuo kitakupa barua ya kibali, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Usiruke hatua hata kama mtendaji ni shemeji yako.

KijanaWaChuda

Mwalimu, nimekaa na uzi huu tangu jana. Naomba unipime. Swali langu: ving'amuzi vilipoingia na analojia ikazimwa, Tanga watu walianza kutazama wapi na kwa nani? Maana mtaani kwetu tuliokuwa tukienda kutazama kwa jirani mwenye antena tulisambaa. Wengine wakaanza kwenda kibanda umiza kwa mpira, wengine wakalipia wenyewe, wengine wakaacha kabisa.

MwanaMakorora

Swali ni zuri, na ni lako. Sasa lipunguze. "Tanga" ni kubwa, chukua barabara mbili za Ngamiani unazozijua nyumba kwa nyumba. Muda uweke: kuzima analojia kulianza Dar es Salaam 31 Desemba 2012 na mikoa ikafuata, kwa hiyo chukua miaka michache kabla na michache baada. Hilo la waliohamia kibandani na walioacha kabisa litengenezee sura yake, kwa sababu takwimu za ving'amuzi vilivyouzwa haziwaoni watu hao.

Angalia pia wanawake. Kibanda umiza ni cha wanaume na vijana. Mama aliyekuwa anatazama kwa jirani alipoteza ukumbi wake na hakupata mwingine. Alikwenda wapi jioni? Anza na hilo, waulize mama yako na mashoga zake.

Andika ukurasa mmoja: swali, mahali, muda, watu utakaozungumza nao, na kitu kimoja ambacho tayari unakijua na hakimo kwenye kitabu chochote. Nitumie PM kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Na transkripti ya stashahada piga picha ukurasa wote, siyo GPA peke yake. Nataka kuona somo la historia ya filamu ulipata ngapi.